Moshi wa Nyumba ya Mdogo Wangu

Kwa karibu miaka mitatu nilikuwa nawasha moto katika nyumba isiyolala mtu. Nikitoka shambani asubuhi, kabla sijaweka sufuria yangu mwenyewe kwenye mafiga, navuka uwanja hatua ishirini, nafungua mlango wa mdogo wangu, naweka kuni mbili zilizo mbichi kidogo ili zitoe moshi wa kutosha, nakohoa, natoka. Kisha nafagia mbele ya mlango. Siku nyingine naanika kitenge changu kwenye kamba yake, ionekane kuna mtu amefua. Watu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, wanaijua kazi hiyo. Nyumba isiyotoa moshi inahesabiwa haina mtu, na kiwanja kisicho na mtu ofisi ya kambi inawapa wengine, kwa sababu ardhi si yetu, tumeazimwa tu, na wageni hawaishi kuja. Kwa hiyo anayekwenda mjini kutafuta maisha anamwachia ndugu yake moto. Ndugu huyo nilikuwa mimi.

Nasema mapema ili mtu asinihurumie bure: kazi hiyo sikuifanya kwa moyo mweupe. Niliifanya huku nasonya.

Tulifika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mimi, mdogo wangu na mama yetu. Waume zetu walibaki kule Kongo, Kivu ya Kusini, katika mambo ambayo sitayasimulia hapa. Mimi nilikuja na mabinti wawili ambao baadaye waliolewa wakaenda zao, yeye hakuwa na mtoto. Tulipewa viwanja viwili vilivyopakana, na kila mmoja shitingi ya plastiki, jembe na panga. Tukakata fito, tukafunga, tukakanda udongo kwa miguu. Mimi ndiye niliyemfundisha kukanda udongo, akiwa mtoto, nyumbani kwetu. Lakini nyumba yake ilisimama wima na yangu ikainamia upande wa ziwa. Yeye alichanganya mavi ya ng'ombe na majivu, akasiliba ukuta kwa kiganja, akachora mistari ya kupindapinda kuzunguka dirisha. Akina mama wa kanisani walikuja kuutazama ukuta ule. Kwangu walipita wakaniuliza nitamaliza lini kujenga. Nilikuwa nimemaliza.

Mama alikaa kwangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na kwetu mama anakaa kwa mkubwa. Alilala kwangu, alikula bugali wangu na sombe yangu ya majani ya muhogo, halafu mchana anabeba kiti chake anakwenda kuota jua kwenye ukuta wa mdogo wangu. Nilimwuliza siku moja kama ukuta wangu hauna jua. Akasema wangu unamwaga vumbi mgongoni. Lilikuwa neno la kweli na sikulisahau.

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Alianza kushona kwenye baraza la duka pale Base Camp, penye ofisi za kambi, akiazima mashine ya mtu, na baada ya muda akanunua yake. Akanunua na mabati. Nyumba yake ikawa ya kwanza upande wetu kuvuliwa shitingi na kuvikwa bati, na mvua ikinyesha tulisikia kelele za kwake huku sisi tukisogeza mabakuli chini ya matundu ya kwetu. Watu walinipongeza mimi. Wakinikuta kisimani wanasema, mdogo wako amefanya kazi. Najibu, ndiyo, tunamshukuru Mungu, najitwika dumu haraka niondoke.

Halafu akasema anakwenda mjini Mbarara.

"Yaya, bamama ba kule banapenda manguo ya kwetu," aliniambia, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. "Hapa natengeneza mashati ya shule tu. Kule kazi iko mingi."

"Na nyumba?"

"Nyumba nakuachia. Weye na mama mulale mule, iko na mabati. Ile ya kwako ifanye jikoni. Ila usiache moto izime."

Hapo ndipo kiburi changu kiliponipiga. Mtu mwenye akili angehamia. Mimi nikasema nyumba yangu inanitosha, nitakuwashia moto tu. Mama alinitazama kwa yale macho yake yaliyoanza kuwa na ukungu. Kwa hiyo nikawa napasha joto nyumba ya bati kila asubuhi, kisha narudi kulala chini ya shitingi yenye viraka. Nani alinituma? Hakuna aliyenituma.

Mbarara nilikuwa nakwenda mara chache, kupeleka maharage, na kila nikienda nilikuta wameugeuza mji. Mahali nilipoacha migomba nilikuta safu ya vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, vile wanavyoviita mizigo. Nikirudi tena, vyumba vimevunjwa na pameota kalina, ghorofa tatu, nne, vioo vya bluu mbele. Ukielekezwa njia kwa kibanda cha chapati, usikichukulie kibanda kuwa alama, kitakuwa kimeondoka. Barabara zilipanuliwa, nguzo za umeme zikahamishwa. Nilikuwa natembea nimeinua shingo na kikapu kichwani, nauonea mji wivu kama ningemwonea mtu. Sisi kwetu maendeleo yalikuwa kutoka shitingi kwenda nyasi, kutoka nyasi kwenda bati, kama una mdogo wako mwenye cherehani.

Macho ya mama yalipofunga kabisa, tukaambiwa ni mtoto wa jicho, apelekwe hospitali ya misheni Ruharo, hukohuko Mbarara. Nilimpeleka mimi. Tukafikia kwa mdogo wangu, ambaye chumba chake kilikuwa bondeni, si mbali na hospitali, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ndani. Nikiuza maharage nilikuwa nasema sina muda wa kupita. Muda nilikuwa nao.

Kilikuwa chumba kimoja tu, lakini chumba. Sakafu ya saruji nyekundu aliyoisugua kwa nta mpaka nikavua ndala bila kuambiwa. Pazia limegawa kitanda na cherehani. Kuta zimepigwa chokaa, hazimwagi kitu mgongoni mwa mtu. Bomba la maji lilikuwa uwanjani, la wapangaji wote, lina kufuli na kila mpangaji ana ufunguo. Mdogo wangu alipotoka kuchota maji, niliwasha taa ya umeme nikaizima, nikaiwasha, nikaizima. Mama, ambaye hakuwa anaona chochote, aliuliza, "Unacheza na nini pale?" Nikasema sichezi.

Jirani, mama mmoja mwenyeji, Munyankore, aliyekuwa anapika matoke mlangoni kwake, alikuja kunisalimia kwa Kiswahili cha sokoni. "Wewe iko dada yake mukubwa? Huyu mutu yako iko smati sana. Sisi yote hapa anatushonea." Nikacheka kwa meno. Nilikuwa nimevaa gauni ambalo mdogo wangu huyohuyo alinishonea miaka minne nyuma, na kwapani lilikuwa limechanika.

Mama alipasuliwa jicho la kwanza, baadaye la pili. Siku alipofunguliwa bendeji ya pili tulirudi naye chumbani saa nne asubuhi, jua limejaa mlangoni. Alisimama katikati ya ile sakafu. Akatazama taa, akatazama pazia, akatazama chini, akagusa ukuta.

"Kumbe batoto bangu banakaa fasi nzuri hivi," akasema.

Alisema batoto bangu. Lakini chumba kilikuwa cha mmoja. Yule mwingine alikuwa amesimama pembeni na mfuko wa dawa, na mama hakuwa ameona bado anakokaa yeye, maana tangu nyumba yangu ianze kuoza vibaya macho yake yalikuwa gizani. Nilijua akirudi ataiona. Nilijua na atakachosema, na kama hatasema, nilijua atakavyonyamaza.

Hospitali wakasema asikae kwenye moshi na vumbi kwa wiki kadhaa. Basi ikakubaliwa abaki Mbarara, mimi nitangulie. Wiki zikaisha. Nikapiga simu, mama akasema macho bado yanawasha. Mwezi ukaisha, yakawa bado yanawasha. Msimu wa maharage ukaisha. Mdogo wangu akaniambia kwenye simu kwamba mama sasa anamsaidia kutia vifungo, tena anaona tundu la sindano mwenyewe, na mchana anakaa mlangoni kutazama mafundi wa kalina ya ng'ambo ya barabara wanavyopanda. Alinisimulia akidhani ananifurahisha. Nilisema mtandao unakatika, nikakata simu.

Sasa niliyekuwa natakiwa kuwasha moto ni mimi, peke yangu, ili nyumba ya mtu mwenye umeme isipotee. Fikiria hilo. Nilikuwa naamka mikono inauma, naangalia ule mlango wake, nasonya. Siku ya kwanza niliyoacha nilisema kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinaniuma. Siku ya pili mvua ilinyesha. Baada ya wiki hapakuwa na mvua wala kichwa, palikuwa na mimi tu, nimekaa kwenye kigoda natazama nyasi zinaota mbele ya mlango wa mdogo wangu. Nikajiambia: ana umeme, ana bomba, ana mama. Moto wa nini tena?

Mbuzi wa watu wakaanza kulala barazani pake. Sikuwafukuza.

Mwezi wa pili wa hali hiyo, walikuja watu wa ofisi na makaratasi, wanapita nyumba kwa nyumba, kwa sababu kule Base Camp wageni walikuwa wamejaa, wanalala chini ya mahema na watoto. Walikuwa na mwenyekiti wa kijiji chetu, mtu wa kwetu tuliyemchagua wenyewe. Yeye alijua kila kitu tangu mwanzo. Miaka yote ile akipita alikuwa anasema, "Mimi naona moshi, mimi sina neno." Siku hiyo hakuona moshi. Aliona mbuzi. Hata hivyo alinitafutia njia, alisimama kati yangu na wale wa makaratasi akaniambia taratibu, "Mama, huyu mwenye nyumba ameenda tu shamba, si ndiyo?"

Nilichotakiwa kusema ni ndiyo. Neno moja, na yeye alikwisha kunitafunia.

"Walihamia Mbarara," nikasema. "Wote. Hawarudi."

Mwenyekiti alinitazama. Kisha akawageukia wenzake, wakaandika. Kuhamia Mbarara ulikuwa ukweli, hata mbele ya mchungaji ningeusema. Lile la mwisho ndilo nililolitoa tumboni mwangu mwenyewe.

Kesho yake waliletwa mke na mume vijana, Wakongomani kama sisi, na mapacha wanaonyonya. Niliwaonyesha mlango. Niliwasaidia kung'oa nyasi. Nikaona haya kidogo, nikawapa sufuria iliyobaki ndani na ndoo, vyote vya mdogo wangu, nikasema ni zawadi. Yule mke alinishika mikono yote miwili akalia. Nilijisikia mtu mwema kuanzia saa hiyo mpaka jua lilipozama.

Mwezi haukuisha, mdogo wangu akapiga simu.

"Yaya, banavunja huku. Mwenye kiwanja ameuza, banajenga kalina ingine. Balikuja kuandika rangi nyekundu ku milango yote, batu bote batoke."

Niiandike kama ilivyokuwa: nilifurahi. Kabla ya kufikiri chochote, furaha ilinipanda kutoka miguuni. Ile sakafu nyekundu itabomolewa. Lile bomba litang'olewa. Na yeye atajua kukaa kwenye vumbi kama sisi wengine. Nilikuwa natabasamu peke yangu katikati ya maharage, simu sikioni.

"Tunarudi Jumamosi," akaendelea. "Vyumba vya huku bimekuwa bei kali kila fasi, fasi ya kukimbilia hakuna. Lakini Mungu ni mwema, nyumba iko. Yaya, washa moto mukubwa mule ndani kwanza, ikauke, mama asisikie baridi. Macho yake iko mazima sasa."

Nikasema, "Sawa."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na Alhamisi nzima na Ijumaa nzima za kupiga simu. Simu ilikuwa na chaji, nilikwenda kuichajisha makusudi kwenye duka. Ijumaa nikavuka uwanja kwenda kwa yule mama wa mapacha, nimepanga kumwomba watafute pengine. Akanikaribisha, akanipa uji, akaniambia hapa ndipo mahali pa kwanza walipolala bila kuogopa tangu watoke nyumbani. Nikanywa uji nikaondoka.

Jumamosi walifika saa tisa na pikapu ya kukodi. Nyuma kulikuwa na godoro, kabati la vyombo na cherehani iliyolazwa miguu juu, na mdogo wangu ameishikilia isigongwe. Mvua ilikuwa imewapiga njiani upande wa Isingiro. Mama alikuwa amekaa mbele kwa dereva. Alishuka mwenyewe, bila kushikwa mkono, akasimama akitazama huku na huku, mara ya kwanza baada ya muda mrefu anaona mahali tunapoishi. Aliona nyumba yangu. Kama nilivyojua, hakusema kitu. Halafu akaona ile ya mdogo wangu, uwanja umefagiliwa, moshi unatoka chini ya bati.

"Unaona," akamwambia mdogo wangu, na uso wake ukafunguka. "Yaya yako amewasha."

Nilikuwa mlangoni kwangu. Sikuvuka uwanja.

Yule mama wa mapacha akatoka na mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Aliona pikapu, akaona godoro, hakuelewa, lakini alikuwa na adabu, akaja kuwasalimia wageni. Mdogo wangu akamwuliza yeye ni nani.

"Ofisi ilitupatia hapa, mama," akajibu. Akanionyesha kwa kidevu, akitabasamu, kwa shukrani. "Ni huyu mama mukubwa alitupokea. Alisema benye nyumba balihamia Mbarara bote, habarudi. Akatupa na sufuria."

Dereva alikuwa ameanza kushusha godoro, akaliacha nusu chini nusu juu. Mdogo wangu hakunitukana. Angenitukana ningejua la kujibu, nilikuwa nimejiandaa tangu Alhamisi, nilikuwa na maneno yangu yote kuhusu bati na bomba. Alimtazama yule mtoto mgongoni, akamwambia yule mama wa mapacha, "Hakuna shida, kaeni." Akaanza kufuta cherehani kwa upindo wa kitenge.

Aliyekuja kwangu ni mama. Alikuja mpaka karibu kabisa, akanitazama usoni. Alikuwa hajaniona vizuri miaka mingapi? Nilikuwa nimezeeka, naye alikuwa anausoma kila mstari.

"Ulisema bote habarudi," akasema.

"Mama, mimi…"

"Na miye? Ulisema na miye sirudi?"

Mpaka leo nikiwa napalilia najaribu kutengeneza jibu lake.

Niliwaambia waingie kwangu. Nilitandika kitanda changu, nikasogeza ndoo kutoka chini ya tundu, nikaweka maji ya chai. Hawakuingia. Walilala kanisani siku nne, pale ukumbini, na godoro lao na cherehani yao, na akina mama walewale walioutazama ukuta zamani ndio waliowapelekea bugali. Siku ya tano ofisi ikawapa kiwanja kipya, mbali, upande wa pili wa kambi, pori tupu ambalo hata fito hazijakatwa. Mdogo wangu alikuja kuniaga, jambo ambalo mimi nisingelifanya.

"Yaya," akasema, amesimama nje, "mi nilitaka tukae kwako mpaka tujenge. Ni mama alikataa."

Niliwasindikiza kwa mbali, kama mtu asiyehusika. Walikuwa wanatembea kwa miguu nyuma ya mkokoteni, njia ina matope. Mama alikuwa ameweka mkono begani mwa mdogo wangu, ingawa macho yake yalikuwa yanaona kila jiwe na hakuhitaji kuongozwa. Hakuutoa mkono ule hata kwenye tambarare. Mdogo wangu hakuwa na nyumba Nakivale, hakuwa na chumba Mbarara, cherehani yake ilikuwa imeanza kushika kutu, na mimi nilisimama pale barabarani, mwenye nyumba, namwonea wivu.